Kumi na Tano kwa Masoudi, Kumi na Tano kwa Mudrik

Mpendwa mshauri Raudha wa redioni, mimi si mtu wa kuombaomba, na wiki iliyopita yule mama wa Nachingwea ulimjibu kilegevu nikataka kuzima redio, ila leo naomba msaada, na naandika kwa mkono wangu, ngumbaru nilisoma na cheti ninacho.

Mwanangu, nina wajukuu wawili, Masoudi na Mudrik, mama yao binti yangu alifariki wakiwa wadogo nikawalea mimi hapa Narung'ombe, na kila kitu niliwapa sawa, samaki nakata katikati, hata mikorosho ya mama yao niligawa kumi na minane huku, kumi na minane kule, hakuna aliyenung'unika. Sasa mwezi uliopita kijiji kilichagua mwenyekiti wa kamati ya kisima, hiki cha bondeni ambacho kilima chake kinanitoa roho, na wote wawili wakajaza fomu, hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake, wa tatu ni Shaibu, ambaye wengi hatumtaki kwa sababu anawaza bustani zake tu. Ukoo wetu una wapiga kura thelathini na wananisikiliza, basi nikachukua fimbo nikapita nyumba kwa nyumba, wewe mpe Masoudi, wewe mpe Mudrik, kumi na tano kwa kumi na tano, nikawaambia wafunge midomo, nikarudi moyo mweupe.

Kura zikahesabiwa. Shaibu hamsini na mbili, Masoudi arobaini na moja, Mudrik thelathini na tisa. Nikasimama nikauliza, watu themanini wamemkataa huyu, atakuwaje mwenyekiti, wakacheka, wakaniambia bibi kaa chini.

Tangu siku ile vijana hawasemeshani, kila mmoja anadhani ukoo wote niliupeleka kwa ndugu yake. Masoudi zamani akiingia uani alisema mke wangu leo umepika nini, sasa anatoa shikamoo kavu na kuondoka. Juzi alisimama mlangoni akasema, "Bibi, kama ulimchagua yeye, ungeniambia tu nisijaze fomu." Nikakosa neno, mimi ambaye sijawahi kukosa neno. Je, nipande gari niende Ruangwa wilayani uchaguzi ufutwe? Sinia walilokuwa wanalia chakula pamoja limekaa bure.

Asmaa binti Jamali, Narung'ombe.

*

Shikamoo Bibi. Umenigombeza, nimepokea. Sasa ni zamu yangu.

Ruangwa usiende. Shaibu ameshinda kihalali. Kwa utaratibu mliotumia haiulizwi mtu amekataliwa na wangapi, wala si lazima afike nusu; inatazamwa ni nani amempita kila mmoja wa wenzake. Hamsini na mbili inazidi arobaini na moja, inazidi thelathini na tisa, imekwisha. Wale themanini walikuwa wengi, lakini hawakuwa upande mmoja, na aliyewagawa mnamjua, ana fimbo. Ukoo wote ungekwenda kwa Masoudi, angepata hamsini na sita. Ungekwenda kwa Mudrik, hamsini na nne. Samaki ukimkata, kila mtoto anakula. Kiti, Bibi, hakikatwi.

Siku nyingine kaeni kabla ya fomu, asimame mmoja, mwenzake amnadi. Na mkutano wa kijiji ukiitishwa, ombeni kwamba asipopatikana wa kupita nusu, wawili wa juu wapigiwe kura tena. Mkishindwa hoja, tulieni. Shaibu naye msalimie, maji mnachota pamoja.

Ila hayo hayakukukosesha neno. Wajukuu wako hawalilii kiti. Kila mmoja anadhani umempenda mwenzake kuliko yeye, na wewe unayejua kwamba si kweli umenyamaza, kwa sababu unaona haya kusema ulikosea. Acha. Pika leo. Waite wote wawili, uwaambie kwa kinywa chako: "Nilishindwa kuchagua kati yenu, nikawagawa, nikawaangusha wote." Usitafute mkubwa wa kukusemea. Usigombeze, najua ulimi utakuwasha.

Kisha, kabla hawajanawa, sema maji yamekwisha. Wape baiskeli moja na madumu manne. Kile kilima chako mtu mmoja hakiwezi na mzigo ule, mmoja atashika usukani, mwingine atasukuma kwa nyuma. Wewe baki uani. Ukiwasikia wanabishana njiani, usitoke kuamua. Jaza sinia.