Ratiba Imefungwa, Mchumba Ameondoka

Bibi Fuencisla, shikamoo. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, lakini mama mmoja wa mgahawa wa kazini kwetu alinionyesha ukurasa wako akasema, "Huyu atakutukana, lakini atakusaidia," nami nimefika mahali ambapo hata matusi nayapokea.

Mimi ni mhandisi kwenye kituo cha vyombo vya angani huku magharibi mwa Madrid, na kazi yangu si kurusha roketi kama watu wanavyodhani, chombo chetu kilirushwa na wengine zamani na sasa kinaizunguka Mirihi kimebeba vifaa vya wanasayansi wa nchi mbalimbali, huyu ana kamera, yule anapima hewa, mwingine anachungulia chini ya udongo, na kila mmoja anataka chombo kigeukie anakotaka yeye, na chombo ni kimoja, hakiwezi kutazama huku na kule kwa wakati mmoja, kwa hiyo wananiletea maombi yao, nayapanga kwa madaraja, tunakaa mkutanoni tunabishana mpaka kila mmoja aseme "nakubali," kisha ratiba inafungwa, na ikishafungwa haiguswi, kwa sababu ukisogeza kimoja vyote vinasogea na unaweza kujikuta umeielekeza kamera kwenye jua ikaungua, na mimi Bibi tangu nianze kazi hii sijaunguza kitu.

Sasa nina mchumba, Araceli, daktari wa mifugo, kwao ni kijijini milimani upande wa Segovia, na harusi yetu ni mwezi wa tano, lakini mama yangu ni mtu wa Galicia, kule pwani, na anataka pweza na wapiga zumari wa kwao, na baba yake Araceli, Mzee Evelio, anafuga kondoo na anasema harusi isiyo na mwanakondoo wa kuchoma ni matanga, wakawa wanatupigia simu kwa zamu kushtakiana, nikajiambia, mbona haya ndiyo ninayoyafanya kila siku, nikawaambia wote walete maombi kabla ya sikukuu ya Kandelaria, mwanzoni mwa mwezi wa pili, nikayapanga, nikawakusanya mezani kwa Mzee Evelio, Araceli akitumiminia kahawa, tukabishana, pweza akaingia mwanzo, mwanakondoo akashika katikati, zumari zikapewa mlango wa kanisa, na kila mmoja akasema nakubali, hata Mzee Evelio, ingawa alilisema akimwangalia mbwa. Nikaifunga ratiba. Nilifurahi, Bibi, sikufichi.

Mchana uleule Araceli anaosha vyombo, mimi nafuta, akaniambia, "Leandro, asubuhi ile kabla ya kanisa nataka tupite kwa nyanya. Nikiwa na gauni langu. Tukae naye tunywe chokoleti. Unajua hawezi kushuka ngazi tena."

"Saa hiyo ni ya mpiga picha, mpenzi. Ratiba imefungwa."

"Ifungue."

"Nikikufungulia wewe, mama atarudi na zumari zake."

Akafunga bomba. "Kwani mimi kwenye madaraja yako niko la ngapi?"

Nami nikamjibu ukweli, kwa sababu kazini ukiulizwa hivyo unajibu ukweli. Nikamwambia, "Wewe hupo. Hukuleta ombi."

Alinifutia mikono yake kwenye shati langu, akaniambia nirudi Madrid na ratiba yangu, nikaioe hiyo. Tangu siku hiyo yuko kwa baba yake, simu hapokei, nikimwandikia ananijibu "kondoo wanazaa" basi, na mama ananiuliza pweza aagizwe au asiagizwe. Mwenzangu wa kazini, Solveig, anasema nina kichwa cha jiwe, kwa sababu mwaka jana dhoruba ya vumbi ilipoinuka Mirihi niliifungua ratiba iliyokwisha kufungwa nikaipanga upya yote huku nacheka, lakini ile ilikuwa kazi, dhoruba ya namna ile haitokei ovyo. Sasa nisimame kwenye neno langu mbele ya familia zote mbili, au nifungue kila kitu kivurugike na harusi yenyewe ife? Nampenda Araceli, Bibi. Sijui kama nimelisema hilo.

Leandro

JIBU LA BIBI FUENCISLA

Umelisema, Leandro. Umelisema mwishoni kabisa, baada ya kamera, pweza na mbwa, lakini umelisema, na ndiyo sababu nakujibu. Barua yako nimesomewa na binti yangu, maana macho yamechoka na shule niliiacha kabla meno ya utoto hayajaisha kung'oka, na tulipofika kwenye "hukuleta ombi" ilibidi aweke karatasi chini kwanza acheke. Mimi sikucheka. Nilitafuta mwiko wa kukuchapa nao.

Hebu nikuulize. Hilo vumbi la Mirihi lilikuletea ombi? Liliwahi Kandelaria? Liliketi mezani likasema nakubali? Lilijiinukia tu, nawe ukafungua ratiba ukicheka. Mtoto wa watu anakuomba saa moja ya kukaa na nyanya yake, unamwambia kachelewa.

Usidhani naidharau kazi yako. Kuwakalisha watu wanaogombea kitu kimoja mpaka waelewane bila ngumi ni kazi ya heshima. Mimi nimepikia harusi kwenye nyumba ya wageni hapa Segovia tangu nikiwa msichana, nimeona mashemeji wakirushiana mikate, na mtu aliyewatoa mfuga kondoo na mama wa Kigalicia neno moja, huyo namwamkia. Lakini walipokuwa wanaleta maombi yao, Araceli alikuwa anawamiminia kahawa. Ulimwona na birika mkononi ukadhani hana haja. Anayewapakulia wengine njaa yake huja wakishashiba, muulize yeyote aliyewahi kushika sufuria. Hakuchelewa yule. Alikuwa anawahudumia nyinyi.

Naye Araceli nina neno naye, kwani najua gazeti hili linafika mpaka mazizini. Mwanangu, mdomo haukuumbwa kwa kuonja supu tu. Ungesema mapema. Na kumfutia mtu mikono kwenye shati si jibu, ingawa shati lenyewe naamini lilistahili.

Sasa fanya hivi. Kwanza mpigie mama yako, leo, usingoje kesho. Mwambie saa ya mpiga picha imekwenda kwa nyanya ya Araceli, na mpiga picha akitaka apige hukohuko chumbani. Akianza habari za zumari, mwambie, "Mama, zumari ziko palepale, hapa nazungumzia mke wangu." Atanuna. Sisi akina mama tunanuna, kisha tunakwenda kutafuta viatu vya harusi. Na pweza aagizwe. Hakuna kitakachoungua, mwanangu, huyo unamwongoza jikoni, si juani.

Kisha Jumamosi panda mlimani. Usitangulize ujumbe wa kuomba nafasi, na karatasi usibebe hata ya kufutia pua. Ukiwakuta zizini, vua koti uingie, shika unachoambiwa ushike. Mzee Evelio akikukunjia uso, mwache akunje, ni wake. Akitokea Araceli usianze kumweleza jua na kamera. Sema, "Nilikosea, tutakwenda kwa nyanya." Halafu muulize nini kingine anachokitaka siku ile, unyamaze mpaka amalize. Huenda akakaa kimya kwanza. Usimjazie wewe.

Na kabla hujarudi Madrid, pandeni ngazi wote wawili mkamsalimie huyo bibi. Mtu asiyeweza kushuka ngazi hawekewi ahadi ya mwezi wa tano peke yake. Chokoleti mnyweni Jumamosi hii, na mwezi wa tano, Mungu akipenda, mnywe tena.

Nimesahau moja. Ukifika usibishe mlango wa mbele, huko milimani tunaufungulia padri na wageni. Zunguka nyuma, ingia wa jikoni.