Debe Chini ya Cherehani

Gitega, Jumapili alasiri, mvua za Novemba zikiwa ndiyo kwanza zimeshika. Ni mwaka wa hamsini na mmoja tangu nitoke Muyinga, na mwezi wa saba tangu uondoke wewe.

Shemeji Melkiori,

Seva imesimama na inafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kabla hata ya salamu. Mkeo, dada yangu Domitila, hajambo, yuko Itaba na maharage yake. Pikipiki yako ameifunika kwa mkeka na hataki mtu aiguse.

Vile visanduku vinne tulivyofunga kwenye zahanati zetu nne, vihisi vinavyosikiliza mtandao na kuandika kila jambo la kutiliwa shaka, sasa havijiandikii peke yake. Vyote vinaleta taarifa zake kwenye mashine moja, hiyo seva, nyuma ya dawati langu hapa Gitega, na kutoka hapa navipa amri. Zamani ilibidi mtu apande pikipiki kila mwezi akasome kimoja kimoja. Itaba na Mutaho zilikuwa zangu. Muyinga tulipangiana zamu, lakini zamu zangu zote ulikwenda wewe. Ulikuwa ukisema, "Kaa, shemeji, wewe ni fundi wa kukaa karibu na mlango wa kutokea," unacheka, unavaa kofia, unaondoka.

Ile siku ya Aprili ulipoteleza kwenye lami ukirudi, zamu ilikuwa yangu.

Sijamwambia Domitila. Nakuambia wewe, ambaye ulijua.

Kwa hiyo nilijenga seva. Nilimwambia daktari mkuu kwamba tutaona hatari mapema, kwamba sheria mpya itafika kwenye vihisi vyote kwa dakika moja. Ni kweli. Lakini usiku na mchana nilikuwa na sababu nyingine moja tu: baada yako, mtu wa kwenda Muyinga ningekuwa mimi.

Vihisi vya Itaba, Mutaho na Gitega vilisajiliwa asubuhi moja. Kihisi kinatuma ufunguo wake wa tarakimu, mtu wa zahanati ananisomea tarakimu hizo kwa simu, nalinganisha, nakubali. Cha Muyinga kilikataa siku mbili. Saa yake ilikuwa nyuma, na seva haimwamini asiyekubaliana nayo kuhusu saa. Wewe, uliyenicheka kwa kuchelewa! Nilimwelekeza muuguzi akairekebisha, siku ya tatu kikaingia, na papo hapo skrini ikawa nyekundu.

Kila siku, saa sita na dakika kumi, wahudumu wakiwa wamekwenda kula, orodha nzima ya wagonjwa ilikuwa ikitoka nje ya zahanati ya Muyinga. Unajua ni orodha gani. Wamo wanaomeza vidonge vya kila siku, na hawajamwambia hata mume au mke. Na aliyekuwa akiitoa, kwa maandishi ya seva, alikuwa wewe. Melkiori. Jana. Juzi. Ulikuwa kaburini, nawe unafanya kazi saa sita na dakika kumi.

Nilisogeza kiti nyuma. Unanijua mbele ya orodha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili yule mtu aliposimama mlangoni kwetu na karatasi iliyokunjwa mara nne, akasoma jina la baba, kisha la kaka. Alisoma polepole, kama mwalimu, akawachukua, na hawakurudi. Mpaka leo, kanisani wakianza kusoma majina ya wanaobatizwa, natoka nje kama mwenye kikohozi.

Nilifikiri kwanza kwamba mwizi amevaa jina lako. Kisha nikafikiri jambo baya zaidi, kwamba uliyauza hayo majina. Nisamehe. Nililifikiri kwa muda wa kutosha kupika chai na kuiacha ikapoa.

Ndipo nikatazama jina la mashine iliyokuwa ikipokea. DEBE.

Nikamwona mama yako kule kambi ya wakimbizi, Tanzania, na debe lake la mafuta ya msaada. Vyeti vyenu vyote vilikuwa humo, na debe lilikaa kwa yule jirani Mwislamu, chini ya kitanda chake, kwa sababu hakuna ambaye angetafuta karatasi za Wakatoliki huko. "Usilale nyumba moja na karatasi zako," alituambia, sisi na watoto wa majirani. Sote tulilelewa hivyo. Hakuna aliyerudi kutoka kule ambaye hana nakala ya kitu fulani kwa jirani.

Nawe ukaifanyia hivyo orodha ya wagonjwa, kwa programu uliyoipangia saa, inayoendelea hata bila wewe. Shemeji, mtaalamu mzima!

Nilimpigia simu Hadija, mshonaji mwenye duka nyuma ya ukuta wa zahanati ya Muyinga, kwa kuwa ndiko ulikokuwa ukinywa chai. Alipokea huku cherehani ikikimbia.

"Ile kasha ya Melkiori? Iko hapa chini ya machine yangu. Alisema ni mambo ya hospitali, nisiizime. Mi naiogopa tangu afe, mzee. Iko inawaka taa ndogo kama jicho."

"Kuna mtu mwingine ameigusa?"

"Aguse nini? Vitambaa vimeifunika. Lakini we ni nani unauliza sana?"

Nikamtajia jina la baba. Cherehani ikasimama.

"We ni wa nyumba ya juu ya soko? Baba yangu alikuwa anawashonea nguo za Noeli." Kisha akanirukia. "Na unanipigia simu! Ukuje uichukue mwenyewe. Muyinga haiko mbinguni, panda bisi!"

Nilimwambia aiache ikiwaka kidogo. Kwa njia ileile uliyoichimba wewe, niliifikia kutoka hapa. Iliniomba nenosiri. Nikaandika namba ya kadi ya mgao ya mama yako, ile niliyoikariri nikiwa nyuma yake kwenye foleni, na mlango ukafunguka mara ya kwanza. Hapo ndipo niliogopa kabisa. Orodha ilikuwa wazi, bila kufungwa kwa ufunguo wowote, na nenosiri lake linajulikana na kila aliyesimama kwenye ile foleni.

Nikaifuta yote, nikaandika juu yake mara tatu. Kisha Hadija akachomoa waya.

"Bon, haya, jicho imefunga."

Nimetafuta kama kuna mwingine aliyeingia humo. Sijaona. Lakini kihisi kinakumbuka siku thelathini tu, na wewe ulianza miaka miwili iliyopita. Kabla ya hizo siku thelathini sijui kitu, na sitajua. Nikisikia habari ya mwanamke aliyefukuzwa na mumewe huko Muyinga, nitakaa na swali hilo.

Nilimwambia daktari mkuu kila kitu, na jina lako. Nisingeweza kulificha. Akasema wagonjwa wa Muyinga lazima waelezwe, na kwamba angependa mimi niende nikakague duka lile kwa macho yangu. Nikasema seva inaona vizuri kuliko macho yangu. Alinitazama sana. Atakwenda mwenyewe Alhamisi.

Mama yako hakukosea, nakala ya pili inatakiwa. Nimeitengeneza, imefungwa. Nusu ya ufunguo ninayo mimi, nusu iko Itaba kwenye bahasha, kwa Domitila, ambaye hajui ni ya nini na hajauliza. Mtu mmoja peke yake hawezi kuifungua, hata mimi. Hivyo ndivyo nitakavyoilinda, na nakuahidi kwamba hakuna atakayesoma majina hayo akiwa amesimama mlangoni kwa mtu.

Leo mchana nimefuta jina lako kwenye seva. Mashine iliniuliza kama nina uhakika. Nilingoja mpaka ikapita saa sita na dakika kumi, skrini ikabaki tulivu, ndipo nikabonyeza.

Hadija amenipigia tena. Anasema mahali palipokuwa na kasha ameweka kigoda, chai ipo, na nyumba ya juu ya soko bado ina mlango uleule wa mbao. Alidhani hilo litanifurahisha.

Pumzika, shemeji. Zamu zako zimekwisha, na zangu ulizonibebea pia. Hakuna tena wa kupanda pikipiki kwenye barabara ile kwa ajili yangu.

Muyinga sitarudi.

Shemeji yako