Tandiko la Stazia

Wifi yangu,

Tandiko la Stazia limeisha. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hata kabla ya salamu.

Huku Mwamkulu tumeshavuna mpunga. Kaka yako mzima, ila tangu uondoke amekuwa mkimya, redio anaiwasha na haisikilizi. Kiti chako cha kamba bado kipo barazani. Mtoto akitaka kukikalia namfukuza, halafu najionea aibu. Nimekukumbuka, wifi. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Baada ya kuanua matanga walinikabidhi kikapu chako. Niliona tu vile vipande vya mraba ulivyofuma, nikakifunika na kukisukuma chini ya kitanda. Lakini siku ya kumuaga Stazia ilikuwa inakaribia, na kwetu shangazi ndiye anayemtandikia binti kitanda. Shangazi hayupo, basi hata kazi ya mikono yake isiwepo? Ningempelekaje mwanangu Katumba kwa wakwe namna hiyo?

Tabu ilikuwa kuunga. Kufuma tulifuma wote, vipande vyako na vyangu, ila kuunga ilikuwa kazi yako. Mimi nilijaribu mara ile ya vitambaa vya makochi, nikavibandika uso kwa uso na kuvishona kama mtu anayefunga gunia la mahindi. Ukapitisha kiganja juu ya mishono, ukasema, "Wifi, haya ni matuta. Niletee marando ya viazi nipande." Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Tangu hapo kila ukija kwangu unauliza kama viazi vimekomaa.

Watu walinishauri nipeleke mjini kwa fundi cherehani. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikamwona anavuta nguo ya mtu kwa nguvu chini ya sindano, nikageuza baiskeli.

Basi nikatandika mkeka, nikavipanga vipande ubavu kwa ubavu, uso juu, kama ulivyokuwa ukifanya. Ukingoni kila tundu lina nyuzi mbili, na wewe ulikuwa unachota ule wa nje tu, wa kipande cha huku, kisha wa kipande cha kule, huku na kule, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Na ulikuwa unasema, "Usivute. Acha uzi utembee." Nilivuta. Mstari wa kwanza ukajikunja, nikafumua, nikalia pale pale kwenye mkeka, Stazia akaniletea maji.

Niliporudia nikaacha uzi utembee. Ukalala, wifi. Tundu kwa tundu, kona kwa kona, vipande vyako na vyangu vikakutana bila kimoja kukizidi kingine. Hapo nikashangaa. Mkono wako ni wa kubana na wangu ni wa kulegeza, wote tunalijua hilo. Vyako vilipaswa kuwa vidogo.

Nikarudi kwenye kikapu. Kipande chako cha mwisho hukukimaliza, na sindano ya kroshia ilikuwa bado imechomekwa kwenye uzi. Ilikuwa ni ile mpya, nene, iliyokuwa inakuchubua kidole gumba. Unakumbuka nilikuuliza kwa nini usirudie ile ya zamani uliyoizoea, ukanijibu kwamba imepinda. Wifi, nimeikuta chini kabisa, umeifunga kwenye kitambaa. Haijapinda.

Nikaiweka ubavuni mwa ile nene. Umenitania kwa matuta mpaka mbele ya mchungaji, lakini hukuwahi kuniambia kwamba mkono wangu umelegea. Ulitafuta kroshia nene ili wako ulegee kidogo, unifuate nilipo. Na kidole kinauma.

Kile kipande nilikimalizia kwa kroshia yangu. Nimetafuta mahali ulipoishia wewe nikaanzia mimi, sipaoni.

Siku ya kuaga, shangazi wa bwana harusi, mama mmoja wa Katumba asiyecheka ovyo, alilifunua tandiko mbele ya akina mama, akaligeuza nyuma, akapitisha kiganja. Akauliza, "Hapa mmeunga wapi?" Vigelegele vikapigwa, mimi nikageuka nikutazame kwenye kiti chako. Nilisahau kabisa, wifi. Nilitaka nikuone unavyonicheka. Ikabidi niingie jikoni nijifanye napuliza moto.

Stazia sasa yuko kwake. Alikuja juzi na baiskeli ya mumewe kuniambia anatarajia mtoto, na ameniomba tufume pamoja blanketi la kumbebea. Ameanza vipande vyake. Mkono wake ni wako kabisa, unabana mpaka kroshia inagoma kupita.

Pumzika, wifi yangu. Kile kiti nitampa Stazia akija, na wewe usinune. Shamba la viazi nimelifunga, usiniulize tena habari zake. Jumamosi nakwenda sokoni Mpanda kutafuta kroshia nyembamba kuliko hii yangu, ili vipande vyangu vimfuate Stazia alipo. Akiniuliza ile yangu ya zamani imekuwaje, nitamwambia imepinda.

Wifi yako,
Mama Stazia