Asali Hakutaka Kuingia Majini

Morogoro, Jumatano. Ukungu umeshuka mpaka bomani, milima haionekani kabisa, wala mto. Afadhali. Siku kukiwa kweupe, macho yangu hukimbilia mtoni yenyewe.

Leo treni imeleta farasi mpya kutoka pwani. Bwana afisa wa Kijerumani anataka nimfunze kwa yale mashindano ya siku tatu: kwanza utiifu uwanjani, kisha mbio ndefu za porini, magogo na mito, halafu kuruka vizuizi. Kazi hii nilifunzwa Dar es Salaam na Msudani mmoja mkali, aliyesema farasi anayegoma hana faida. Nimeifanya miaka tisa, na nilikuwa najivuna nayo.

Sasa naiogopa.

Asali, farasi jike aliyemtangulia huyu, alichukia maji. Miezi minne nilimpeleka mto Ngerengere kila asubuhi, nikisimama ng'ambo na kipande cha muwa, nikigonga ulimi mara mbili. Mwishowe akawa anaingia bila kusita. Mpandaji wake, Selemani, askari mwenye maskhara mengi, alinitania kwamba nimemwoa.

Siku ya mashindano mjini kulikuwa kukavu, lakini juu mlimani mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Sisi watu wa huku tunajua maana yake: maji yako njiani. Nilijua. Wageni wameketi chini ya turubai, bwana afisa ananitazama, nami nikanyamaza. Nikiwa ng'ambo kama kawaida, Asali alifika ukingoni akagoma. Selemani akamlegezea hatamu, asimlazimishe. Nadhani naye aliona maji yamebadilika rangi.

Mimi nikagonga ulimi.

Akaingia. Selemani tulimpata siku ya pili yake, chini huko kwenye mashamba. Asali hatukumpata. Watu wakisema mto umewachukua, mimi huitikia tu. Tangu hapo, mjusi akilia ukutani, tk-tk kama ulimi wangu, nashtuka. Nimechoka kuogopa mjusi.

Alasiri ya leo nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa mama yake Selemani, ambaye tangu msiba hunipa uji kila nikipita. Alikuwa anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, uji upo."

Sikukaa. Nilimwambia yote: mvua ya mlimani, Asali kugoma, ulimi wangu. Mikono yake haikuacha mchicha.

"Najua," akasema. "Selemani alinieleza zamani, yule mnyama haingii majini mpaka umwite wewe. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Kumbe miezi yote hii alikuwa akinipa uji huku anajua.

Akanyanyuka, akanimiminia kikombe. Nimekunywa nikilia mbele yake, mtu mzima mimi.

Kesho asubuhi natakiwa mtoni na huyu mpya. Akigoma, nitamgeuza turudi nyumbani, na bwana afisa nitamwambia hivyo hivyo mbele ya askari wake. Akitaka anilaze chini nichapwe viboko ishirini na tano, hamsa ishirini yao.