Kumbukumbu ya Alphonse Nduwimana, na Sekunde Kumi na Moja za Mwanzo

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ya tarehe 14 Machi 2010 ulipotutoka ukiwa na miaka sitini na minane. Tunakuandikia, na majirani wa Hallonbergen wasome, kwa sababu kuna mambo yamechapishwa juu yako ambayo si kweli.

Kabla ya kusafisha ofisi hapa Stockholm ulikuwa fundi wa sauti wa redio Bujumbura kwa miaka kumi na tisa. Huko mlikuwa na desturi: aliyepiga tepu mwisho aliandika tarehe, hali ya tepu na jina lake kwenye karatasi ndogo, akaiweka ndani ya boksi. Si kwa kutafuta sifa. Ikionekana kasoro, ajulikane wa kuulizwa. Hata ukibadilisha balbu jikoni ulitia sahihi, nasi tukakucheka.

Mwaka 2006, kwenye chumba cha chini cha jengo ulilosafisha, ulikuta tepu kumi na nne zikingoja kutupwa. Zilikuwa na muziki wa filamu ya mwaka 1958, kazi ya mpiga klarineti wa jazi Torvald Ekstam, ambao wote waliamini umepotea. Msimamizi alikuambia, "Chukua, ni takataka." Ulizibeba kwa tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, mbili mbili, siku saba.

"Umeniletea siki ndani ya nyumba," Mama alisema, maana tepu za zamani hunuka hivyo.

"Hiyo ni harufu ya mwaka hamsini na nane, mama Ghislaine."

"Basi hamsini na nane ikalale balkoni."

Ulinunua mashine mbovu ya kupigia tepu kwenye soko la mitumba la Skärholmen, ukaitengeneza. Kila tepu uliisikiliza mara moja tu, ukainakili kwenye kaseti, ukaandika karatasi yake. Kisha ukazipeleka zote kwa kampuni moja ya santuri. Uliomba kitu kimoja: karatasi zako zibaki ndani ya maboksi.

Santuri ilitoka Oktoba, miezi saba baada ya kukuzika. Kijitabu chake kinasema tepu ziliokotwa na "msafishaji mmoja", na kwamba wimbo wa tisa unaanza katikati kwa sababu tepu "ilikatika mikononi mwake". Ukurasa wa nne wameweka picha ya karatasi yako, kama pambo. Sehemu ya chini, penye jina, imekatwa. Yaliyobaki yanasomeka vizuri kwa anayejua Kiswahili: "Na. 9. Nzima, mwanzo hadi mwisho." Hawakujali hata kuuliza maana yake.

 

Binti yako Ghislaine aliwapelekea kaseti yako ya tisa. Mkurugenzi wa kampuni aliisikiliza akiwa amefumba macho: klarineti peke yake, sekunde kumi na moja, ndipo ngoma zinaingia.

"Ajabu!" alisema. "Tutaitumia kwenye toleo la pili."

"Na jina la baba yangu?"

"Watu wanapenda kisa cha msafishaji. Jina litawachanganya."

"Na tepu ilikatwa na nani?"

"Fundi wetu aliirudisha nyuma kwa kasi. Lakini hilo halina maana tena, sivyo?"

Ghislaine alitoa kaseti kwenye mashine, akaitia mkobani. "Basi katafuteni huo mwanzo mikononi mwake," alisema, akaondoka.

Wamepiga simu mara nne. Jibu letu halijabadilika: waandike Alphonse Nduwimana, fundi wa sauti, na waseme tepu iliharibikia wapi. Bila hayo, toleo la pili nalo litaanza katikati.

Jumamosi tarehe 19 Machi, baada ya misa, tutaipiga kaseti hiyo kwenye ukumbi wa Hallonbergen, na wote mnakaribishwa. Mama ameomba mwanzo urudiwe mara mbili. Kwenye karatasi uliyoiacha ndani ya boksi la kaseti hiyo, chini ya jina lako, Ghislaine ameshaandika tarehe, neno "nzima" na jina lake.

Unakumbukwa na mkeo Concessa. Wanao Ghislaine na Egide. Mjukuu wako Gaël, aliyejifunza kulisoma lile neno "nzima". Na mdogo wako Fidèle wa Rinkeby.

Daima tutakukumbuka, Baba, na kwa jina lako kamili.