Kimeenea

Mzenga, Jumatano

Neno lenyewe moja tu, kimeenea. Jana mkutanoni mwenyekiti wa kijiji alinikatiza: "Mama nesi, usiseme kipindupindu kimeenea. Sema kimeingia nyumba mbili tatu. Ukisema kimeenea watatufungia kijiji."

Nikamjibu kwamba kuenea ni kuwa kila upande. "Kila upande ndio upande gani?" akauliza. Watu wakacheka. Nikakaa.

Leo asubuhi tulikuwa wote shamba la ujamaa, tunapalilia mihogo, kikasikika kilio tena. Hapa kwetu kilio kikisikika majembe hutupwa, watu hukimbia huku wakiulizana, kwa nani?

Mwenyekiti aliinua kichwa, akasikiliza, akainama tena kupalilia. Hakuna aliyeuliza ni kwa nani.

Hata mimi sikuuliza.