Mrija wa Baba Umeyeyuka

Shoga, niko nje ya kliniki ya moyo.

Unaukumbuka ule mrija wa magnesiamu aliowekewa Baba kuuzibua mshipa wa moyo, miaka minne iliyopita? Umeyeyuka kama madaktari walivyosema. Lakini mshipa umeziba tena palepale!

Daktari akauliza kuhusu vidonge vyake vya moyo. Baba bila kupepesa macho: "Niliacha mwaka juzi. Si mlisema utayeyuka?"

Mwaka juzi! Na sisi tuko naye nyumbani!

Daktari akavua miwani. "Mzee, kilichoyeyuka ni mrija. Ugonjwa haukuyeyuka."

Baba akanigeukia: "Mbona hamkuniambia?"

Shoga, siku ile alipowekewa mrija niliambiwa mimi kwamba vidonge ni vya maisha. Alikuwa na hofu, nikamwambia amepona.